Prof Aliyepima Kurasa kwa Vidole Vilivyolowa

Nilivumilia mengi mwaka ule, lakini mbele ya meza ya hospitali uvumilivu uliniishia.

Nilikuwa nimempeleka mtoto wangu wa tatu kupimwa uzito. Nilipotoka, mtoto mgongoni, nikaona mstari mrefu kwenye lango la pili. Pale ndipo madaktari wa macho waliokuja mji wetu wa Baraka kwa juma moja walikuwa wanapokea wagonjwa. Wa mbele alikuwa mzee mrefu mwenye koti la kijivu lililopigwa pasi, mkono mmoja umeshika ukingo wa meza kama mtu aliye ndani ya mtumbwi. Nilimjua kwa mgongo kabla sijaona uso.

"Papa, jina yako haiko," karani akamwambia.

"Angalia tena. Nilijiandikisha siku ya kwanza."

"Niliangalia mara tatu. Listi inatoka kwa mashine. Kama mashine haikukuandika, miye nitakuandika na nini?"

"Na bic, kalamu yako," mzee akasema. "Iko mu mukono yako."

Watu wa nyuma wakacheka. Karani hakucheka. "Na bic hairuhusiwi, papa. Kaa pembeni, bengine bapite."

Mzee akakaa pembeni. Hakubishana. Alipogeuka bega lake likagonga nguzo ya kibaraza, naye akaiambia nguzo, "Pardon, mama."

Hapo ndipo nilipokatika. Nilisogea mbele ya wote nikaipiga ile meza kwa kiganja, karatasi zikaruka.

"Huyu ndiye alitufundisha sisi wote kuandika hizo page," nikasema. "Na hiyo page inakosa jina yake, ni miye niliandika. Andika jina yake."

"Mama, tuliza roho. Uko na mutoto kwa mugongo."

"Mutoto anasikia. Asikie."

Hakuliandika. Mlinzi alinishika mkono kwa heshima akanitoa nje, na mzee akabaki pale pembeni akiuliza ni nani anayepiga kelele.

Wasomaji wajue tangu sasa kilichokuwa kinapotea pale. Jicho lake la kushoto lilikwisha kufa. La kulia lilibaki na mwanga wa upana wa tundu la ufunguo, na presha ya macho ilikuwa inaziba hilo tundu kidogo kidogo. Madaktari wale wasingemrudishia alichokwisha kupoteza, lakini wangeweza kuzuia kilichobaki kisiende. Nafasi zilijaa. Juma likaisha, wakapanda magari yao wakaondoka, na hakuna aliyejua watarudi lini. Kwenda hospitali ya macho Bukavu kwa barabara, kwa mtu wa umri wake na kwa hali ya njia tunavyoijua, hata dada yake hakukubali kulizungumza.

Sote tulimwita Prof. Kwetu kila aliyefundisha sekondari ni Prof, lakini ukisema Prof bila jina, Baraka nzima ilijua ni yeye. Alikuwa amefundisha hesabu miaka mingi kabla sijamjua. Nilipomjua mimi alikuwa anafundisha kutengeneza kurasa za intaneti, zile ambazo mtu anazifungua kwenye simu yake akasoma, akabonyeza, akajaza. Darasa lilikuwa chumba cha nyuma cha salle, ukumbi wa parokia: vioo vya jua juu ya bati, mashine nne, na wanafunzi ishirini na kitu.

Kwa kuwa mashine zilikuwa nne, tuliandika kwa kalamu. Nikiwaeleza wageni hilo wananitazama kama ninawadanganya. Majuma sita ya kwanza hakuna aliyegusa klavye, vibonyezo vya mashine. Prof aliandika ukurasa mzima kwa chaki ubaoni, alama kwa alama, nasi tukaunakili kwenye madaftari. Kisha akatupa wa kwetu wa kutunga, akaukusanya, akausahihisha kwa wino mwekundu kama imla. Ukisahau kufunga alama uliyoifungua, alichora mlango ulio wazi pembeni, na mbuzi anaingia. Daftari langu la kwanza lilijaa mbuzi.

"Prof, mashine itatuonyesha makosa yenyewe," mmoja wetu alilalamika.

"Mashine haina haya," akajibu. "Itakuonyesha ukiwa peke yako, utasahau. Miye nitakuonyesha mbele ya batu."

Alikuwa na namna yake ya kutueleza lugha tatu za kazi ile. HTML, alisema, ni nguzo za nyumba. CSS ni udongo na chokaa. JavaScript ni wageni: wakija wachache nyumba inachangamka, wakija wengi mwenye nyumba analala nje. Tulipojaribu kuleta wageni kabla ya nguzo, alifuta ubao wote, akakaa, akafungua gazeti la zamani akasoma mpaka tukaomba msamaha.

Siku ya kufundisha namna ukurasa unavyobadilika kati ya mashine kubwa na simu ndogo, hakugusa ubao. Alitusimamisha katikati ya salle, mistari mitatu ya watu wanne, akaweka mabenchi mawili kuwa kingo za kioo. Kisha akaanza kusukuma benchi moja. "Ukuta unakuja," alisema. "Mukiwa mane hamutatosha. Nani anashuka?" Tukasongamana, tukakanyagana, mpaka tukaelewa kwamba wa pembeni lazima ateremke chini ya mwenzake, na wa muhimu abaki juu. Mwisho tulikuwa mstari mmoja mrefu mpaka mlangoni, na mimba yangu ya pili ilikuwa ya mbele kabisa. "Ona," Prof akasema, "mama mwenye mimba anapita mbele. Hata telefone inajua heshima."

Sasa vidole.

Ukurasa wowote tuliomaliza haukuhesabiwa umekwisha mpaka uende sokoni. Prof alichukua simu moja kuukuu yenye ufa kwenye kioo, akatuongoza hadi kwa akina mama wanaouza ndakala, dagaa wa ziwa letu, akampa mama mmoja mnene aliyekaa mwisho wa safu. Mama yule hakukausha mikono. Prof alimkataza kukausha. Kidole gumba kina maji, kina magamba, na kile kioo hakipendi maji. Mama alibonyeza. Ikikubali, tumepita. Ikikataa, tunarudi.

"Prof, kitu yako inanikatala," mama alisema siku moja, akairudisha simu ikinuka samaki.

"Umebonyeza wapi?"

"Pale uliniambia. Ni kidogo sawa jicho ya ndakala. Mutu mwenye akili anaweka mulango kidogo vile?"

"Ni ya huyu," Prof akasema, akaninyoshea kidole.

Mama akanitazama kuanzia kichwani. "Weye mwenyewe uko na batoto, unajua mikono ya mama inakuwaje. Ni nini ulikuwa unawaza?"

Tulirudi nikakiongeza kile kitufe upana. Tulirudi tena nikakiongeza tena. Mara ya tatu mama akasema haya, sasa hata bibi yake angeingia, lakini Prof anunue samaki kwa kumpotezea muda. Kila mara alinunua. Nyumba yake ilinuka ndakala mwaka mzima, naye hakupenda ndakala hata kidogo. Aligawa kwa majirani. Wale akina mama aliwaita wakaguzi wake, na alipokuwa anasema neno hilo hakuwa anatania.

Kupima uzito wa ukurasa alikuwa na kipimo kingine. Alisimama chini ya nguzo ya nyaya pale ambapo rezo, mtandao wa simu, ni mbaya kuliko kote, akafungua ukurasa, na papo hapo akaanza kusali Baba Yetu, kwa sauti ya kawaida, bila haraka. Akifika Amina kabla ukurasa haujafunguka, umeanguka mtihani. Hapo ndipo palizuka ugomvi uliodumu muhula mzima, kwa sababu nusu yetu tulikuwa Waprotestanti, na Baba Yetu yetu ina maneno ya ziada mwishoni, ya ufalme na nguvu na utukufu. Tukadai sekunde zetu. Wakatoliki wakasema tunaiba. Prof, aliyekuwa Mkatoliki wa kupiga magoti kila asubuhi, alifikiri kwa uzito siku mbili, akatoa hukumu: kila mtu ukurasa wake upimwe kwa sala ya kanisa lake, lakini atakayebadili kanisa kabla ya mtihani atajulikana. Mrundi mmoja aliyekuwa anatoka kambi ya wakimbizi kuja darasani, mpole kabisa, akauliza kama inaruhusiwa kusali kwa Kirundi, maana ni ndefu zaidi. Ile siku Prof alicheka mpaka akavua miwani.

Lakini msidhani alikuwa mtu mtamu. Nilipojifungua yule wa pili nikarudi darasani baada ya majuma matatu na mtoto kifuani, alinisimamisha mlangoni mbele ya wote. "Hapa si kreshi ya kulelea batoto," akasema. Nikamjibu kwamba nyumbani sina wa kumwachia, na kama anataka niondoke aseme wazi, asiseme kwa mafumbo. Alisema wazi. Niliondoka. Nililia njia nzima, kwa hasira kuliko huzuni, maana baba wa watoto alikwisha kwenda Kazimia kwa kazi ya boti na kwa mwanamke wa huko, akija kwetu mara mojamoja, na lile darasa ndilo lilikuwa kitu pekee nilichokuwa nacho kinachosogea mbele.

Juma lililofuata nilirudi kuchukua daftari langu. Chini ya meza ya Prof palikuwa na katoni ya maziwa ya unga, imetandikwa kitenge kikuukuu. Prof alikuwa anaandika ubaoni, mgongo kwetu. "Kaa, tumeishachelewa," akasema. Mtoto wangu alilala ndani ya ile katoni miezi minne. Akilia, Prof alimpembeza kwa ncha ya kiatu bila kuacha kusoma kazi zetu, na hakuomba radhi kwa lile la mlangoni, wala mimi sikumdai.

Alichukia mapambo. Picha inayozunguka, maandishi yanayoruka, rangi zinazoyeyuka: kwake hayo yalikuwa mizigo anayobebeshwa mama asiye na megabaiti. Wenzetu waliokwenda mjini walirudi na vifurushi vikubwa vilivyotengenezwa na watu wa mbali, ambavyo unaviita kwa neno moja vinakuletea vitufe, madirisha na menyu vilivyokwisha kupakwa rangi. Tulidhani atavikataa. Hakuvikataa. Kila aliyekwenda mjini Uvira alipewa kitunza-faili kidogo cha kuchomeka, arudi na maelezo ya vifurushi hivyo, na Prof akavisoma mpaka akavifundisha vizuri kuliko waliovileta. Alipenda lile wazo la kutengeneza kipande kimoja na kukitumia mahali kumi. Alituambia ni kama kalibu ya matofali. Ila alisema, "Kabla ya kutumia tofali ya mutu, ivunje uone ndani muko nini."

Siku moja aliniomba nitafute faili kwenye mashine yake, nikafungua isiyo yenyewe. Kioo kizima kikawa maji. Samaki wa ziwa letu wakapita, mikeke, kuhe, na wingu la ndakala linalogeuka kwa pamoja likimeta. Nikatafuta ndani: hakuna picha hata moja, hakuna JavaScript hata mstari. Kila gamba lilichorwa kwa CSS tupu, kwa mkono. Lazima ilimchukua miezi. Alinyosha mkono akaifunga haraka.

"Hiyo inasaidia nini, Prof?" nikamuuliza, nikimcheka.

"Haisaidie kitu," akasema. "Usiambie bengine."

Sikuwaambia. Naandika leo kwa sababu nimechoka kuwaachia watu wasiomjua picha ya mzee mkali tu.

Macho yalianza mbele yetu na hatukuona. Alianza kutuamuru tuongeze ukubwa wa maandishi, tukadhani ni kwa ajili ya wakaguzi wake wa sokoni. Alianza kusogea karibu na ubao, tukadhani chaki ni mbaya. Kisha akaleta somo jipya: alitufunga macho kwa vitambaa, akawasha ile sauti iliyomo ndani ya kila simu inayosoma kilichoko kwenye kioo, akatuagiza tujaze fomu bila kuona. Sauti inataja sehemu moja baada ya nyingine, na inataja kile tu ulichokiita kwa jina lake. Ukiandika kitufe kwa alama ya kitufe, itasema kitufe. Ukipaka kisanduku rangi kikafanana na kitufe, itapita kimya kama vile hakipo. Tuligongana, tulicheka, tulituma fomu tupu. Prof alikaa nyuma, naye amejifunga kitambaa, akafanya zoezi lote bila kosa. Nilidhani anatuonyesha ubingwa. Mwezi mmoja baadaye alifunga darasa akahamia kijijini Swima kwa dada yake, na ndipo nikaelewa alikuwa anajizoeza.

Mimi nilipata kazi. Mradi mmoja wa afya, wenye ofisi Baraka, sisi tunaiita biro, ulitaka ukurasa mpya wa kuandikisha wagonjwa kwa madaktari wanaokuja kwa zamu. Ule wa zamani alikuwa ameutengeneza Prof bure: kurasa nyeupe, maandishi meusi, vitufe vikubwa, unafunguka hata rezo ikianguka kwa sababu sehemu yake ilijiweka kwenye simu. Shefu wa mradi aliuona akasema unafanana na tangazo la msiba. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na simu nzuri kuliko zote nilizowahi kushika, na alidhani kila mtu anayo.

Mwisho wa fomu nikaweka kitufe cha kutuma. Shefu akakikataa.

"Kitufe ni ya zamani. Weka mushale, batu bavute. Kushoto kwenda kuume, inateleza, fomu inaenda. Niliona mahali, inapendeza."

"Mama wa soko hataweza kuvuta."

"Mama wa soko atajifunza. Nataka yote iwe tayari siku ya kwanza ya mwezi."

Nyumbani mtoto wa tatu alikuwa na homa. Niliandika mshale. Sikulazimishwa kwa bunduki. Nilijua kwamba mshale wa kuvutwa kwa kidole, sauti ya simu haiuoni. Nilijua pia kwamba ningeweza kuficha kitufe cha kweli chini yake kwa ajili ya wasioona, na shefu asingetambua maisha yake yote. Ilikuwa mistari saba. Nilijiambia nitaiongeza juma linalofuata. Wala sikwenda sokoni. Nilikuwa na haraka, nikaujaribu kwa kidole changu mwenyewe, kikavu.

Baada ya ile siku ya hospitali nilipanda pikipiki mpaka Swima, mtoto mgongoni na barua ya malalamiko kwenye mfuko. Dada yake alikuwa anaanika samaki, akaninyoshea tu mkono kuelekea nyuma ya nyumba. Prof alikuwa ameketi kwenye kigoda akibambua karanga kwa kupapasa.

"Ni nani?"

"Ni miye, Prof."

"Uko na mutoto."

"Umejuaje?"

"Unapumua sawa mutu amebeba. Kaa."

Nilikaa. Nilimwuliza ilikuwaje, nikiwa bado na tumaini la kijinga kwamba alikosea mahali. Hakukosea.

"Nilijaza yote," akasema. "Jina, miaka, kijiji, namba. Sauti ilinisomea kila mahali, muzuri kabisa. Nikasema, huyu binti alisikia somo. Nikafika mwisho, kimya. Nikarudi juu, nikashuka tena, kimya. Basi nikawaza, kumbe siku hizi zinajituma zenyewe. Vitu vimeendelea, miye niko mu kijiji."

"Prof, haikukuwa vile."

"Hata dada aliniuliza kama amuite mutu aone. Nikamwambia hapana. Nilijua ni weye uliandika. Sikukuwa na mashaka."

Nimepigwa maishani mwangu, na mume na watu wengine, na hakuna kilichoniingia kama lile neno. Nikamwambia habari ya mshale. Nilimwambia yote, hata ile mistari saba. Alisikiliza, vidole vikiendelea na karanga.

"Unavuta kutoka wapi kwenda wapi?"

"Kushoto kwenda kuume."

"Rangi?"

"Kijani. Ukivuta, inaacha nyuma yake kama njia ya maji."

"Inateleza muzuri?"

"Inateleza muzuri, Prof."

"Ningependa kuiona," akasema.

Nikaanza kulia. Akaniacha kidogo, kisha akagonga bakuli. "Bon. Inatosha. Nasikia karatasi mu mufuko yako, ni barua. Soma."

Nilimsomea. Ilikuwa kurasa nne. Nilikuwa nimewatukana shefu, karani, mradi, na mama aliyemzaa shefu. Prof aliisikiliza yote, kichwa kimeinama, vilevile alivyokuwa akisikiliza kurasa zetu.

"Ni muzito," akasema. "Haitafunguka. Matusi ni picha, toa. Hapo unaeleza moyo wako unauma, toa. Jina yangu nayo, toa."

"Prof, ni juu yako ninaandika."

"Ukiweka jina yangu, bataniletea sukari na batapiga foto. Mushale itabaki. Andika mushale."

"Sawa."

"Na pale unasema ni weye uliandika. Uko na batoto. Toa."

"Hiyo sitoi."

Alingoja, akaona sibadiliki. "Basi itoke chini, iende juu. Mutu asifike mwisho ndiyo ajue."

Dada yake alikuwa amesimama kwenye kona ya nyumba, mikono imejaa chumvi, akitusikiliza. "Na macho yake je?" akauliza. "Hiyo barua itamufungulia macho?"

Prof akasema, "Haitafungua, yaya," neno letu la kumwita dada mkubwa, kwa sauti ya chini, ya upole, kama mtu anayemzoeza mtoto habari mbaya. Akaniuliza jua liko wapi. Nilimwambia limefika juu ya paa la jikoni. Akageuza uso upande ule, akalitafuta, akasema ndiyo, analiona kidogo.

Siku iliyofuata, nimekwisha kuiandika upya, niliipeleka barua biro, nakala mbili. Karani wa mapokezi akasema niiache tu mezani. Nikamwambia sitoki mpaka apige muhuri kwenye nakala yangu. Mtoto akaanza kulia nami sikumnyamazisha. Alipiga muhuri. Hii ndiyo barua:

Kwa Bwana Mkuu wa Mradi, Baraka.

Kuhusu: malalamiko juu ya ukurasa wa kuandikisha wagonjwa wa macho.

Mimi niliyetia sahihi hapa chini ndiye niliyeandika ukurasa ninaoulalamikia.

Fomu ile inatumwa kwa kuvuta mshale. Mshale huo hauonekani kwa sauti ya simu inayowasomea wasioona, na haumsikii mtu mwenye kidole kilicholowa. Ukurasa wa wagonjwa wa macho, kwa hiyo, haumpokei mgonjwa wa macho. Nilijua hilo nilipouandika, nami nilikwambia wewe sehemu yake. Wako waliojaza kila kitu, wakaamini wameandikishwa, wakaja langoni wakarudishwa.

Naomba mambo manne. Mshale uondolewe, kirudishwe kitufe. Nimekwisha kukiandika, kimo ndani ya kitunza-faili nilichoambatanisha. Ukurasa wowote kabla ya kutolewa ujaribiwe na mtu asiyeona, na ujaribiwe sokoni. Karani wa lango apewe ruhusa ya kuandika jina kwa kalamu. Na waliorudishwa safari hii watangulie madaktari watakaporudi, na ninyi muwaandikie madaktari wasikawie, kwa sababu kuna mtu ambaye kila juma linalopita linamchukulia sehemu ya kuona.

Kama mradi utaona nifukuzwe kazi, nifukuzwe baada ya kitufe kuwekwa.

Jibu naomba libandikwe langoni, na siku hiyohiyo lisomwe kwa sauti, maana wengi wa wale linaowahusu hawawezi kulisoma.